Binti Asiye na Miguu

Bismillahi Rahmani Rahimi. Vuteni viti, wanangu, mkae karibu, maana sauti yangu siku hizi haivuki ncha ya kitanda hiki. Wewe Musab izime hiyo simu. Hoteli yako haitahama Al Garhoud kwa kuwa umekaa na baba yako alasiri moja. Ashwaq, mama, usinisimamie mlangoni kama mtu aliyeleta rambirambi kabla ya maiti, hii ni nyumba ya baba yako, ingia ukae. Nawe Caren, niongezee mto mgongoni kisha usiende jikoni, kaa hapo hapo, kwani aliyemlisha mtu kwa mkono wake na kumgeuza ubavu ana haki ya kusikia anavyoaga. Daktari alisema nanyi pembeni, mkanirudia na nyuso za Idi mkaniambia nitapona, nami nikaitikia inshallah, kwa sababu mzazi naye hufika siku akawaonea wanawe huruma, asiwaambie kwamba amekwisha elewa.

Nianze na mepesi. Mwili wangu mkauzike Al Quoz, popote penye nafasi, wala msihangaike kunitafutia mahali jirani na mama yenu. Alipokuwa hai alinifukuza jikoni kwa mwiko, atavumilia nikilala mbali kidogo. Nyumba hii ya Al Warqa na vilivyomo mtagawana kama sharia ilivyogawa, na shekhe atawaongoza, kwa hiyo yeyote atakayeinua sauti juu ya kabati au zulia ajue anagombana na Qurani, si na nduguye. Dhahabu ya mama yenu ni ya Ashwaq, alimpa mwenyewe akiwa na akili zake timamu, na mimi ni shahidi. Hakuna anidaiye, na ninayemdai nimemsamehe. Wale jamaa wa msikitini walioniita mchezea masanamu, hata wakaacha kunialika katika maulidi ya nyumba zao, nao nimewasamehe, ingawa msamaha huo ulinikwama kooni muda mrefu kama mwiba wa changu. Waambieni waje kunizika bila ya haya.

Sasa lile zito. Lile kasha refu la mti mweupe mnalolipita kila siku hapo ukumbini, ambalo mama yenu maisha yake yote alilikataza lisivuke kizingiti cha nyumba yake, ndilo lililonifanya niwaite. Juzi mliponirudisha kutoka hospitali mkaniacha nilale, nilimwomba Caren alifungue, anilazie Binti, yule mwanasesere wangu, hapa kitandani nimwangalie kama joto la stoo limemharibu. Nikatia mikono chini ya pindo la vazi lake, pale mikono hii ilipokuwa ikiingia tangu ningali na nywele nyeusi, nikagusa kitu kigumu. Nikagusa tena. Ni miguu. Miguu miwili ya mti, imesuguliwa ikalainika, imevishwa soksi nyeupe na makubazi ya kamba, imekazwa kwa skrubu. Caren alidhani moyo wangu umesimama tena akakimbilia simu, na kusema kweli hakukosea sana.

Usiinamishe kichwa, Musab. Naijua nia yako. Ulimwona hana miguu ukafikiri imevunjika, au imepotea tulipokuwa tukihama, ukasema baba amelala hospitali, ngoja nimfanyie jambo la kumfurahisha. Ukampeleka kwa fundi wa mbao hodari kweli kweli, nami nimeisifu kazi ya fundi huyo huku ninalia. Ulimhurumia kiwete ambaye si kiwete. Wanasesere wa kike wa sanaa ile, mwanangu, hawaundwi na miguu. Wa kiume wanayo, wa kike hawana. Chini ya vazi lao mna utupu, na katika utupu ule huingia mikono ya mtu aliyejikunja nyuma, akafumba ngumi zikawa magoti, akashika pindo kwa vidole akalirusha mbele, na watazamaji wakaapa wamemwona mwanamwali akitembea juu ya majani makavu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu huyo nilikuwa mimi, na miguu ya Binti ni hii hapa mnayoiona imejaa alama za sindano za hospitali.

Mnayajua haya kwa juu juu tu, kwa kuwa mama yenu hakupenda yasimuliwe mbele ya chakula. Nilipoletwa mji huu wa Dubai na mjomba wangu kutoka Unguja nilikuwa kijana asiye na ndevu, na baada ya kubeba hiki na kusukuma kile nikapata kazi ya kutunza ukumbi wa klabu moja kule Al Garhoud, ukumbi uliokwisha bomolewa, msiutafute. Wajapani waliokuja kujenga mitambo ya kusafisha maji ya bahari walikuwa wakiukodi kila Alhamisi. Miongoni mwao alikuwako mhandisi mmoja, Bwana Okuda, na mkewe Bi Sachie, watu wa kisiwa cha Awaji, ambako wakulima tangu enzi za mababu zao hukusanyika wakishavuna katika jukwaa la kijiji, wakawatembeza wanasesere wakubwa kama mtoto aliyeanza shule, na ufundi huo wakarithishana kama wengine wanavyorithishana mashamba. Bwana Okuda alikuja na Binti katika kasha lile, kwa ruhusa ya wazee wa jukwaa lao, apate kuwaonyesha watoto wa Kijapani waliozaliwa huku jangwani kwamba na wao wana kwao.

Sasa kidole kimoja hakivunji chawa, na mwanasesere wa namna ile hainuliwi na mtu mmoja. Wanatakiwa watatu: mkuu hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili hushika mkono wa kushoto, wa tatu hushika miguu. Bwana Okuda alikuwa mkuu, Bi Sachie alikuwa wa kushoto, na msimulizi pamoja na mpiga gambusi lao la nyuzi tatu hatukuwa nao, sauti zao zilitoka katika kanda aliyoirikodi baba yake Okuda kabla hajafa. Mwenye miguu ndiye aliyekosekana. Wajapani wenziwe Okuda walijaribu mmoja mmoja, wakaumwa migongo, wakasema khalas. Basi siku moja akaniita mimi niliyekuwa nikipanga viti, akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza nishike nguo tu, mkewe apate kujifunza. Alipogeuka nikageuka. Alipovuta pumzi nikasimama. Akaacha kucheza, akanitazama, akauliza nimefunzwa na nani.

Sikufunzwa na mtu. Kule Unguja, utoto wangu wote, nilikuwa macho ya bibi yangu Kijakazi aliyepofuka, akitembea mkono wake begani kwangu, nami kwa uzito wa vidole vyake nilijua anataka kusimama, au anaogopa shimo, au amesikia sauti ya mtu asiyempenda. Kazi ya miguu ni hiyo hiyo. Bega lako unaliegemeza kwenye nyonga ya mkuu, yeye hasemi kitu, na mwili wake ndio unaokwambia. Kwao mtu hukaa miguuni miaka na miaka kabla hajaruhusiwa kugusa mkono wa kushoto, na kichwa hukifikia akiwa na mvi. Mimi sikupanda. Nilikaa miguuni mpaka mwisho, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kukaa, na baadaye kwa kuwa nilipapenda.

Mkuu hucheza uso wazi, watu wamjue. Wale wawili huvaa nguo nyeusi gubigubi, na kofia ya kitambaa cheusi iliyofunika uso mzima, ili watazamaji wawasahau. Onyesho likimalizika, watu humzunguka Bwana Okuda, humpa mkono, hupiga naye picha, na mimi nikawa nimekwisha vua kofia nakunja viti. Siku moja mama mmoja, leso bado i machoni kwa sababu ya hatua zangu mwenyewe, aliniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Sikuona uchungu pale. Uchungu ulikuja nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba sina hata mtu wa kumsimulia akacheka.

Tena nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka yote ile sikupata kuuona uso wa Binti ukiwa hai. Mwenye miguu hujikunja, kichwa chake ki nyuma ya kiuno cha mkuu, haoni ila pindo na mbao za sakafu. Wanasema akilia huuma leso yake, maana pembeni mwa mdomo wake mna kisindano kidogo cha kuinasia. Mimi nilijua analia kwa kusikia watu wanavyoshusha pumzi. Mara moja tulikwenda Hatta, tukacheza uani kwa watu, kwenye mashamba, na bibi mmoja wa kule milimani aliinuka katikati ya mchezo akamfunika Binti kwa shela yake, akasema mtoto wa watu anapigwa na baridi. Bwana Okuda alinisimulia njiani tukirudi, mimi chini kule niliona vidole vya miguu ya bibi huyo tu, vimepakwa hina. Nimeishi karibu na mambo makubwa, wanangu, lakini kwa upande wa chini.

Mama yenu, Mungu amrehemu, alimwita Binti mke mwenza. Kila Alhamisi nikirudi huuliza, "Haya, huyo mwenzangu leo umemvisha nini?" na alipokasirika kweli hakuuliza. Aliogopa malaika wasiingie nyumba yenye sanamu, na sikumlaumu. Niliwauliza mashekhe wawili, nikapata majibu mawili, nikachukua lile lililonipendeza kama mfanyavyo nyote, ila kwa heshima yake Binti alikaa ukumbini Al Garhoud, na ukumbi ulipobomolewa akakaa katika stoo ya nje, na humu ndani hakuingia mpaka mama yenu alipokwisha tangulia. Hata Caren siku ya kwanza alipofungua kasha aliniuliza, "Mzee, huyu ndiye Mungu wenu ama?" Nikamwambia hapana, huyu ni mwenzangu wa kazi, akanijibu kumbe hata yeye ana wenzake wa kazi ambao hawasemi.

Na wewe Ashwaq, kinyongo chako nakijua, hukukificha. Ulikwisha niambia siku ya arusi yako, mbele ya wageni, kwamba baba alikuwa na binti wawili na aliyemtembeza ni yule wa mti. Sikukujibu siku ile na leo sitajitetea wala sitajishtaki, maana nilifanya kazi mchana nikawalisha, na Alhamisi ilikuwa pumzi yangu. Mwenye kukosa pumzi hasaidii watoto. Nakwambia hivi ili ujue kwamba nilisikia. Uliyasema kwa mzaha watu wakacheka, na mimi nilisikia yasiyo mzaha.

Halafu wakaniacha. Bi Sachie alifariki huku huku, ghafla, kama taa. Bwana Okuda akazeeka kwa wiki, si kwa miaka, akaamua kurudi kwao kupasuliwa tumbo, na siku ya kuondoka alinikabidhi kasha hili kwa mikono miwili, ameinama, akasema, "Khelef, hii amana. Si yangu, si yako. Ya jukwaa." Neno amana alilisema kwa Kiarabu, alikuwa amejifunza kwa ajili yangu. Hakurudi. Nikabaki na mwanasesere wa watu watatu, mimi niliye theluthi yake, tena theluthi ya chini. Kabla ukumbi haujabomolewa nilikuwa nikienda Alhamisi kama kawaida, nawasha kanda, namtundika Binti kwenye msumari ukutani, najikunja, natia mikono. Sauti ya yule mzee inalia, hadithi inakwenda, nami nangoja kwa bega niambiwe tupige hatua. Bega halina pa kuegemea, ni ukuta tu, baridi. Sikuwahi kupiga hata hatua moja. Nikizima kanda nikarudi nyumbani, mama yenu asiulize. Mtu akifiwa na mke, watu humjia; akifiwa na mkuu wake wa kazi ya kuchezesha mwanasesere, katika mji kama huu ambao kila mtu ana haraka ya kwenda kwao au ya kutorudi kwao, amjie nani ampe pole ya nini?

Caren, maji kidogo. Ahsante, Mungu akuweke.

Mwaka jana akanipigia mpwa wake Okuda, Bi Chinatsu. Jukwaa la kijiji chao lilikuwa limefungwa, vijana walihamia mijini, paa likaanza kuvuja. Sasa wamelitengeneza, wasichana wa shule wanafundishwa na wazee wachache waliobakia, na nyuma ya jukwaa kila mwanasesere ana kigingi chake cha kutundikiwa. Kigingi cha Binti ki tupu tangu aje huku, na hakuna aliyekitundikia mwingine. Ziko hadithi hawawezi kuzicheza kwa kuwa mwanamwali wa hadithi yuko Dubai. Akaniuliza kwa adabu kama mjomba wake aliwahi kutaja kitu. Nikamwambia nitamleta mwenyewe majira ya kuchipua kwao, mtakapofungua. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Nilikwisha mshonea mfuko wa safari, na pasi yangu ya kusafiria nikaitoa kabatini, kisha huu moyo ukaniangusha pale msikitini, ninyi mkayafahamu ya moyo tu, ya safari mkayaweka kando kama maneno ya mgonjwa.

Ndipo likaja hili la hoteli. Musab, hukufanya kwa tamaa, sitaki dada yako wala mtu yeyote aje kusema hivyo nikishakufa. Hawakupi kitu. Mkahawa wao mpya wa Kijapani unafunguliwa, wanataka Binti asimame mlangoni ndani ya kioo na taa, na chini yake kibao cha shaba chenye jina langu. Uliniambia hospitalini, umenishika mkono: "Baba, miaka yote hiyo nani alikuona? Acha watu wakuone." Maneno hayo yaliniingia. Nikafumba macho ukadhani nimelala, kumbe nilikuwa nalionja jina langu katika shaba, Khelef bin Musab wa Unguja, na lilikuwa tamu, sikudanganyi. Nililionja siku nzima.

Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Binti ndani ya kioo ni mti. Hata mkampa miguu ya dhahabu ni mti, na kadiri mnavyomkamilisha ndivyo anavyozidi kufa, kwa sababu pale alipopungua ndipo mtu anapoingia. Tena juu ya yote, amana hairithiwi. Shekhe atakapowagawia vyangu, asimguse Binti, na mimi nisiposema hivi leo nitalala kaburini nimefungwa, na watakaonifunga ni watoto wangu walionipenda. Gari la hoteli linakuja kesho asubuhi. Musab, liambie lirudi. Utaona haya mbele ya wakubwa wako, nalijua hilo, na haya hizo ndizo ninazokuomba unibebee. Sijapata kukuomba kitu kizito kama hiki. Wao watapata mwanasesere mwingine wa kuweka kwenye kioo, wako wanaoundwa kwa kazi hiyo. Wale wasichana wa Awaji hawana mwingine.

Usinijibu sasa. Kalete bisibisi kwanza.

Na atakayempeleka ni Ashwaq. Ndiyo, wewe, mama, mbona unatazama nyuma? Unasema nini, sema nisikie. Unasema hata kumgusa hujapata kumgusa. Ndiyo maana. Amana hupewa asiyeitamani. Ndugu yako akimbeba, njiani atampenda, atapata fikra nyingine nzuri, Mungu ambariki na fikra zake. Wewe utamfikisha kwa sababu huna hamu naye, utamkabidhi kwa Bi Chinatsu kwa mikono miwili, utainama kidogo, haitakuvunja kiuno, na utasema amechelewa kwa sababu mtunzaji aliugua. Usiseme zaidi. Kichwa hutolewa shingoni kikafungwa kitambaa cha pamba peke yake, mwili ukafungwa peke yake, na vazi lisikunjwe, likunjuliwe juu ya mfuko nilioushona. Wakikukaribisha uangalie mchezo, kaa uangalie, hata kama utachoka.

Umeileta? Basi mtoeni ndani ya kasha. Caren, mshike kichwa, mkono chini ya shingo, kama unavyonishika mimi. Taratibu. Musab, skrubu hazina haraka, usivute, zungusha. Na kile kipande cha mbao fundi alichokipitisha kiunoni kuishikilia miguu nacho kitoke... Naisikia, hiyo ya kwanza imetoka. Endelea, baba. Miguu hiyo usiitupe, mtu kaitolea jasho. Mpe mwanao achezee, mwambie babu alikuwa na miguu ya akiba.

Imetoka yote? Mwinueni sasa kabla hamjamlaza, nimwone kama mbavu zake hazikupasuka. Musab, mkono wako wa kushoto ndani ya mgongo wake, kamata kile kishikizo, hapo. Juu kidogo. Mkono wake wa kulia ni wako pia. Caren, wewe wa kushoto. Msicheke, kila mtu huanza kama mwizi wa kuku. Pindo linaburura chini, hariri hiyo ni ya zamani, mtu ashike pindo.

Ashwaq, mama... Umepiga magoti.

Hapana, usitoe mikono. Usiogope, hamna kitu humo, ni nafasi tu. Kunja ngumi. Si hivyo, kaza kidogo, iwe goti. Bega lako mwegemezee ndugu yako, pale nyongani. Usimtazame Binti, huwezi kumwona kutoka hapo, na wala usimtazame Musab. Ngoja. Musab, usimwambie neno. Vuta pumzi tu, kisha geuka. Ataijua.

Ameijua.

Caren, nisamehe, siwezi kukuita uje unigeuze na mkono wake umo mkononi mwako, kaa hivyo hivyo, naona. Naona kutoka hapa. Mungu awape umri na afya, awape watoto watakaowasikiliza hata mkisema ya ajabu. Radhi yangu kwako, Musab, kwa haya utakazobeba kesho. Radhi yangu kwako, Caren, ufike kwenu salama uwakute wote. Msinililie sana... na mnizike kabla jua halijawa kali, watu wasiungue.

Nilidhani nitautazama uso. Umo hapo, umeinuka, unasogea, Musab anautikisa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, nao ni mzuri, kweli ni mzuri. Lakini macho hayataki kukaa juu. Yanashuka... yanakwenda kwa yule aliyejikunja chini, mgongo wake umeanza kuuma, najua, nywele zimemwangukia usoni, hana mkono wa kuziondoa. Hakuna anayemwona. Hivyo ndivyo kazi ilivyo...

Kanyaga sakafu, mama, hatua isikike. Tena. Njoo nayo mpaka hapa kitandani, polepole... Wengine wote wamtazame Binti. Mimi nakutazama wewe.